Kuenzi au Kunakili? Madokezo ya Filamu Tangulizi katika Filamu za Kutisha na Nafasi Yake katika Uhakiki wa Filamu ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna filamu za kutisha zinavyozirejelea filamu zilizozitangulia na namna wahakiki wanavyoyapa marejeleo hayo majina tofauti kulingana na mahali filamu ilikotengenezwa. Filamu ya Marekani inapomkumbusha mtazamaji filamu nyingine, kitendo hicho huitwa kuenzi. Filamu ya Tanzania inapofanya jambo hilohilo, mara nyingi huitwa kunakili. Kwa kuongozwa na nadharia ya mwingilianomatini pamoja na kielelezo cha takhmisa kutoka katika ushairi wa Kiswahili, makala inapendekeza vigezo vitatu vya kupima marejeleo: uwazi wa chanzo, kujitegemea kwa tukio, na nyongeza ya maana. Inahitimishwa kwamba kubaini mfanano ni hatua ya kwanza tu ya uhakiki, na kwamba uhakiki wa haki hauna budi kuzingatia pia vyanzo visivyo vya kisinema na kumbukumbu halisi za hadhira inayokusudiwa.

1.0 Utangulizi

Filamu za kutisha ni utanzu wenye kumbukumbu ndefu. Nyumba iliyoachwa ukiwa, mlango unaojifungua wenyewe, kivuli kinachopanda ngazi na mwanamke aliyevaa nguo nyeupe usiku ni viambajengo ambavyo kila mwongozaji huvikuta vimeshatumiwa. Swali linalomkabili mhakiki, kwa hiyo, haliwezi kuwa kama filamu imekopa. Swali ni imekopa nini, kwa nani, na imekifanyia nini ilichokopa.

Katika uhakiki wa filamu za video za Tanzania, swali hili limekuwa likijibiwa kwa haraka. Tangu filamu hizo zilipoanza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, tuhuma ya kuiga Nollywood, Hollywood na sinema ya Kihindi imekuwa ikijirudia kiasi cha kuonekana kama hukumu iliyokwisha kutolewa. Hukumu hiyo ina madhara mawili. Kwanza, inamwondolea mhakiki wajibu wa kuitazama filamu yenyewe. Pili, inajenga mizani miwili, kwa kuwa filamu za kutisha zinazotukuzwa duniani kuwa bora zimejaa ukopaji wa aina hiyohiyo.

Makala hii inaanza na mizani, inaijaribu kwa filamu zinazojulikana sana, kisha inairejesha nyumbani. Mwishoni inazingatia hadhira ambayo uhakiki wa filamu huisahau: watazamaji walio mbali na majumba ya sinema, kama wale wa Muyama katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma.

2.0 Misingi ya Uchambuzi

2.1 Mwingilianomatini

Istilahi ya mwingilianomatini ilianzishwa na Julia Kristeva katika miaka ya 1960 alipokuwa akiyaendeleza mawazo ya Mikhail Bakhtin kuhusu usemezano. Kwa mujibu wa mkabala huu, hakuna matini inayosimama peke yake. Kila matini hujengwa kutokana na matini nyingine. Katika Palimpsestes (1982), Gérard Genette aliutenga uhusiano huo katika aina mbalimbali, akitofautisha matini inayonukuu, inayodokeza, na ile inayojengwa nzima juu ya matini iliyotangulia.

Nadharia hii ina nguvu, lakini ina udhaifu mmoja inapotumiwa katika tasnifu. Kwa kuwa inadai kila matini huingiliana na nyingine, inaweza kumfanya mhakiki aridhike na orodha ya mifanano. Orodha hiyo huthibitisha kile ambacho nadharia ilishakisema kabla filamu haijatazamwa. Kinachokosekana ni kipimo cha thamani: ukopaji upi unazaa maana na upi hauzai.

2.2 Takhmisa kama kielelezo

Kipimo hicho kinaweza kupatikana ndani ya fasihi ya Kiswahili yenyewe. Katika takhmisa, mshairi huchukua shairi la mtangulizi wake na kuongeza mishororo mitatu juu ya kila miwili ya awali, ili kupata beti za mishororo mitano. Mfano unaofahamika zaidi ni Takhmisa ya Liyongo ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyojengwa juu ya shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo. Mshairi wa takhmisa hafichi alichokichukua. Maneno ya mtangulizi husikika katika kila ubeti, na sifa ya mshairi wa baadaye hutegemea jinsi mishororo yake inavyokaa na ile ya awali na jinsi inavyoipa maana pana zaidi.

Kutokana na kielelezo hiki, vigezo vitatu vinaweza kuundwa. Cha kwanza ni uwazi wa chanzo: je, mwongozaji ameacha alama inayomwezesha mtazamaji mjuzi kukitambua chanzo? Cha pili ni kujitegemea: je, tukio linaeleweka na kutisha hata kwa mtazamaji asiyekijua chanzo hicho? Cha tatu ni nyongeza: je, chanzo kimepewa maana mpya, au kimehamishwa tu kama kilivyokuwa? Rejeleo linalotimiza vigezo vyote vitatu linastahili kuitwa kuenzi. Linaloshindwa katika kigezo cha kwanza na cha tatu kwa pamoja linakaribia kuwa nakala.

3.0 Madokezo katika Filamu za Kutisha Zinazosifiwa

3.1 Dokezo kwa njia ya jina

Psycho (1960) ya Alfred Hitchcock ni miongoni mwa filamu zilizokopwa mara nyingi zaidi katika utanzu huu. Katika Halloween (1978) ya John Carpenter, daktari anayemfuatilia muuaji anaitwa Sam Loomis. Hilo ni jina la mpenzi wa Marion Crane katika Psycho. Aidha, mhusika mkuu wa Halloween anaigizwa na Jamie Lee Curtis, binti wa Janet Leigh, ambaye ndiye aliyemwigiza Marion. Miaka 18 baadaye, Wes Craven katika Scream (1996) alimpa mmoja wa wahusika wake vijana jina la Billy Loomis. Jina moja, hivyo, limepita katika filamu tatu na vizazi vitatu vya watazamaji.

Kigezo cha nyongeza kinaonesha tofauti kati ya madokezo hayo mawili. Katika Halloween, jina la Loomis ni salamu kwa mtangulizi; likiondolewa, kisa hakipungui. Katika Scream, jina hilo linafanya kazi ndani ya kisa. Wahusika wa filamu hiyo ni vijana wanaozijua filamu za kutisha na kuzijadili kanuni zake, na wanaitazama Halloween yenyewe wakiwa ndani ya nyumba inayonyemelewa na muuaji. Mtazamaji anayelitambua jina hilo hupewa sababu ya ziada ya kumtilia shaka anayelibeba. Hapo dokezo limevuka salamu na kuwa sehemu ya mtego.

Mfano mwingine ni Carrie (1976) ya Brian De Palma. Shule ya sekondari ya filamu hiyo imepewa jina la Bates, ambalo ni la ukoo wa Norman Bates katika Psycho, ilhali katika riwaya ya Stephen King shule hiyo ina jina jingine. Badiliko hilo linathibitisha kusudi, kwa kuwa jina lisilotoka katika riwaya limeletwa na filamu. Ushahidi wa namna hii ndio mhakiki anaopaswa kuutafuta: mahali ambapo mwongozaji alikuwa na uhuru wa kuchagua na akachagua kukumbusha.

3.2 Dokezo kama malumbano

Kuna madokezo yanayofanana na malumbano ya washairi, kama yale ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na wapinzani wake, ambapo ubeti hutumwa ili ujibiwe. Katika The Hills Have Eyes (1977), Wes Craven aliweka bango lililochanika la filamu ya Jaws. Sam Raimi, katika The Evil Dead (1981), aliweka bango lililochanika la The Hills Have Eyes. Craven alijibu katika A Nightmare on Elm Street (1984) kwa kumwonesha mhusika wake akiitazama The Evil Dead katika televisheni. Raimi naye akarudi na Evil Dead II (1987), ambamo glavu yenye visu ya Freddy Krueger imetundikwa ukutani.

Mabango hayo yana hoja ndani yake. Bango lililochanika linadai kwamba hofu ya filamu iliyotangulia imekwisha nguvu na kwamba hofu ya kweli ndiyo inayoanza sasa. Ni majigambo ya mlumbi. Hata hivyo, mlumbi humtaja yule anayemwona kuwa anastahili kutajwa, na kwa sababu hiyo majigambo hayo hubaki kuwa heshima. Mtazamaji asiyeliona bango hapotezi uzi wa kisa. Anayeliona hupata kisa cha pili, yaani historia ya utanzu wenyewe ikisimuliwa pembeni mwa fremu.

3.3 Dokezo linalotabiri

Katika Halloween, watoto wanaolelewa usiku huo wanatazama The Thing from Another World (1951) katika televisheni. Mwaka 1982 Carpenter alitoa The Thing, iliyojengwa juu ya kisa kilekile cha msingi. Dokezo la kwanza, ambalo mwaka 1978 lingeweza kuhesabiwa kuwa pambo, linasomeka sasa kama tangazo la mapema la kazi iliyofuata. Mfano huu unafunza kwamba maana ya dokezo haikamiliki siku filamu inapotoka. Kazi ya baadaye inaweza kuifanya kazi ya awali isomwe upya.

4.0 Nosferatu: Kutoka Wizi hadi Urithi

Tofauti kati ya kuenzi na kunakili hudhaniwa kuwa imo ndani ya filamu na haibadiliki. Historia ya Nosferatu (1922) ya F. W. Murnau inapinga dhana hiyo. Filamu hiyo ya Kijerumani ilijengwa juu ya Dracula (1897), riwaya ya Bram Stoker, bila idhini. Majina ya wahusika yalibadilishwa, na Dracula akawa Orlok. Mjane wa Stoker alifungua kesi, na mahakama ikaamuru nakala za filamu ziharibiwe. Baadhi zilisalia.

Kwa kipimo cha sheria, Nosferatu ilikuwa wizi. Kwa kipimo cha uwazi wa chanzo, ina kasoro, kwa kuwa majina yalibadilishwa. Lakini kwa kipimo cha nyongeza, filamu hiyo ililipa jambo lisilokuwamo katika riwaya: mnyonya damu anayeangamizwa na mwanga wa jua. Dracula wa Stoker anaweza kutembea mchana, japo nguvu zake hupungua. Kifo cha Orlok alfajiri ndicho kilichogeuka kuwa kanuni katika filamu nyingi zilizofuata. Mwaka 1979 Werner Herzog aliitengeneza upya Nosferatu kwa kuienzi, na mwaka huohuo sura ya Orlok ilionekana tena katika mnyonya damu wa Salem's Lot ya Tobe Hooper. Kazi iliyoamriwa kuchomwa ikawa chanzo ambacho wengine wanasifiwa kwa kukikumbuka.

Funzo la historia hiyo halihalalishi wizi wa hakimiliki. Linahusu uhakiki: hukumu ya kisheria na hukumu ya kisanaa ni mambo mawili, na mhakiki anayeitumia ya kwanza ili kukwepa ya pili hajafanya kazi yake.

5.0 Filamu za Kutisha za Tanzania

5.1 Shumileta na Karishika

Mussa Banzi anatambulika kuwa miongoni mwa waongozaji waliouanzisha utanzu wa kutisha katika filamu za video za Tanzania, kwa kazi kama Nsyuka na Shumileta (2005). Claudia Böhme, katika utafiti wake kuhusu alama za Nollywood katika filamu za Tanzania uliochapishwa mwaka 2013, ameihusisha Shumileta na Karishika, filamu ya Nigeria ya miaka ya 1990. Katika Karishika, Lusifa anamtuma mwanamke kutoka kuzimu aje duniani kuwapotosha binadamu. Katika Shumileta pia, kiumbe wa kike kutoka ulimwengu usio wa binadamu anaingia katika maisha ya watu, na filamu zote mbili zinabeba jina la kiumbe huyo.

Mhakiki wa haraka angeishia hapo. Vigezo vitatu vinamtaka aendelee. Kuhusu uwazi wa chanzo, jina la filamu ni alama ya kwanza: kuipa filamu ya kutisha jina la mwanamke wa ajabu, kwa hadhira iliyokwisha kuzoea kanda za Nollywood, ni kuikumbusha hadhira hiyo inachokijua. Alama hiyo peke yake haitoshi kuthibitisha kuenzi. Inatosha, hata hivyo, kuondoa dhana kwamba chanzo kilifichwa.

Kuhusu kujitegemea, mtazamaji wa Kiswahili haihitaji Karishika ili amwelewe mwanamke asiye binadamu anayeingia katika mapenzi na binadamu. Visa vya majini wanaopenda, wanaooa au kuolewa, na wanaolipiza kisasi wanapovunjiwa ahadi, vimesimuliwa pwani na bara kwa muda mrefu kabla ya kanda za video.

Kuhusu nyongeza, ndipo penye uzito. Karishika imejengwa ndani ya fikra za Ukristo wa kilokole, ambamo kiumbe anayetumwa na Lusifa hana nafasi ya kuwa kitu kingine isipokuwa adui. Mtazamaji wa Kiswahili humsoma kiumbe wa namna hiyo kwa kupitia dhana ya jini, na dhana hiyo ni pana zaidi. Jini anaweza kuwa mwema au mwovu, anaweza kuwa na dini, anaweza kufunga ahadi na akadai itimizwe. Kisa kinapohamia katika lugha yenye dhana hiyo, swali la kimaadili hubadilika. Hofu haitokani tena na uovu wa kiumbe tu. Hutokana pia na kosa la binadamu aliyeingia katika agano asiloweza kulitimiza. Badiliko hilo ndilo linaloweza kuiondoa filamu katika kundi la nakala, na ndilo ambalo tuhuma ya jumla ya kuiga hailioni.

5.2 Mfanano usiotokana na sinema

Hatari nyingine katika kubaini madokezo ni kuona filamu nyuma ya kila mfanano. Mnyonya damu anapotokea katika kisa cha Kiswahili, mhakiki aliyesoma kuhusu Dracula anaweza kushawishika kumtaja Stoker au Murnau. Lakini uvumi wa mumiani, yaani watu wanaodaiwa kuwakamata wengine na kuwatoa damu, ulienea Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, na Luise White ameuchambua kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2000. Mumiani haogopi msalaba wala jua. Hutumia vifaa, magari na mishahara, na katika simulizi nyingi huhusishwa na watumishi wa serikali, kama vile wazimamoto na wauguzi. Hofu yake ni hofu ya mamlaka.

Vivyo hivyo kwa kiumbe mwenye mabawa ya popo. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianzia Pemba na kuenea Unguja, na baadaye ikajitokeza tena nyakati nyingine. Umbo la popo linamkaribisha mhakiki amkumbuke Dracula, ilhali Popobawa ana historia yake, mwenendo wake na wakati wake wa kisiasa. Hata jina Nsyuka linakumbusha neno la Kinyakyusa abasyuka, linalotumika kwa wafu waliorejea. Kabla ya kudai kwamba filamu fulani imedokeza nyingine, kwa hiyo, mhakiki hana budi kuuliza kama zote mbili, au mojawapo, zimechota katika kisima kingine. Dai la mwingilianomatini ya kifilamu linahitaji alama ya kifilamu: pembe ya kamera, mpangilio wa mapigo ya picha, muziki, jina, vazi au kifaa mahususi.

6.0 Dokezo na Mtazamaji wa Nyanda za Juu za Kigoma

Dokezo linahitaji mtu wa kulitambua. Utamaduni wa kuenzi katika filamu za Marekani umejengwa juu ya chombo kimoja muhimu: televisheni iliyorudia filamu za zamani nyumbani kwa watu. Watoto wa Halloween wanaotazama filamu ya mwaka 1951 ni picha ya watazamaji wa Carpenter wenyewe, waliozijua filamu hizo wakiwa sebuleni.

Historia ya Tanzania ni nyingine. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990, na ITV ilianza mwaka 1994. Majumba ya sinema, kama Laura Fair alivyoonesha katika kitabu chake cha mwaka 2018, yalikuwa taasisi za mijini, na filamu za Kihindi zilikuwa na nafasi kubwa humo. Kwa mahali kama Muyama, penye mashamba, milima na umbali mrefu kutoka pwani, filamu ni jambo la zama za kanda na diski, na la kibanda cha video.

Hali hiyo ina matokeo mawili kwa nadharia ya madokezo. La kwanza ni kupinduka kwa mfuatano. Mtazamaji anaweza kukutana na filamu inayodokeza kabla ya filamu inayodokezwa. Aliyemwona Shumileta kwanza atakapomwona Karishika, ni Karishika atakayeonekana kumfanana Shumileta. Kwa mtazamaji huyo chanzo ni kile kilichomfikia mwanzo, na tarehe ya kutolewa kwa filamu haina mamlaka juu ya kumbukumbu yake. Mhakiki anayejali upokezi hawezi kuliita jambo hilo ujinga. Analazimika kulichukua kama muundo halali wa usomaji.

La pili linahusu watafsiri wa filamu. Sanaa ya kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, ambayo Lufufu ni miongoni mwa majina yake makubwa na ambayo Matthias Krings ameifanyia utafiti, humweka msimuliaji kati ya filamu na hadhira. Msimuliaji hueleza, huongeza, hufananisha na kuchekesha. Anaweza kulifunua dokezo lililofichwa kwa kulitaja waziwazi, au akaweka la kwake kwa kumlinganisha mhusika na mtu au kisa ambacho hadhira inakijua. Kazi yake inakaribiana na takhmisa kuliko tafsiri ya kawaida: sauti ya awali inaendelea kusikika chini, na sauti mpya inaongezwa juu yake. Uchambuzi wa madokezo unaoishia kwenye filamu na kuiacha sauti hiyo unachambua matini ambayo sehemu ya hadhira haikuisikia ilivyo.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba filamu za kutisha zinazosifiwa duniani zimejengwa juu ya ukopaji wa wazi, kuanzia jina la Loomis hadi mabango ya Craven na Raimi. Imeonesha pia kwamba mpaka kati ya wizi na urithi unaweza kuhama, kama historia ya Nosferatu inavyothibitisha. Kwa msingi huo, kuiita filamu ya kutisha ya Tanzania nakala kwa sababu tu inafanana na nyingine ni kutumia mizani ambayo filamu hizo zinazosifiwa nazo zisingeivuka.

Hoja hii haizisafishi filamu zote. Zipo kazi ambazo zinahamisha kisa bila kukiongezea chochote, na vigezo vilivyopendekezwa vinazitambua pia. Faida ya vigezo hivyo ni kwamba vinamtaka mhakiki athibitishe hukumu yake ndani ya filamu, iwe ni ya sifa au ya lawama. Tafiti zijazo zinaweza kuvijaribu katika uwanja ambao makala hii imeugusa tu: sauti za watafsiri wa filamu, na kumbukumbu za watazamaji wa maeneo kama Kasulu na Kibondo, ambako mfuatano wa filamu katika historia ya sinema na mfuatano wake katika maisha ya mtazamaji ni mambo mawili tofauti.